Ugonjwa Wangu wa Saa Tisa Alasiri

Kuna wanawake huku mtaani Riruta ambao hadi leo, wakiniona nikiingia langoni na mkoba wangu wa ofisini, huniuliza kwa sauti inayofika ghorofa ya juu, "Mgonjwa wetu, unaendeleaje?" nami huwajibu kwamba naendelea vyema, namshukuru Mungu, kisha napanda ngazi nimeinamisha kichwa, kwa sababu sikuwa mgonjwa siku ile na sijaugua tangu hapo, na mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada mbili na mvi za kutosha, hakufaa kabisa kujipata katika aibu ya namna hii.

Nafanya kazi katika chuo kimoja cha kibinafsi katikati ya jiji, kwenye ofisi ndogo inayotazama maegesho ya magari, na wajibu wangu ni kuwasaidia wanafunzi waliotoka nchi nyingine kutafuta kazi wakishahitimu, iwe hapa Kenya au mbali zaidi. Nawafundisha kuandika wasifu, kuketi wima, na kujibu swali waliloulizwa badala ya lile walilotamani kuulizwa. Wakifanikiwa huniletea keki, tunapiga picha, wanaondoka. (Ukiipima vizuri, kazi yangu ni kuagwa. Hata binti yangu wa pekee nilimtayarisha mwenyewe, tena kwa ufanisi mkubwa, na sasa yuko Australia, ambako nikitoka kazini jioni yeye amekwisha kulala.)

Mmoja wao alikuwa Ornella, msichana kutoka Burundi, aliyesomea uhandisi wa maji, mpole, mwenye Kiswahili cha Bujumbura ambacho wenzake walikicheka na mimi nilikipenda. Kibali chake cha mwanafunzi kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi, wadogo zake huko nyumbani walimtegemea yeye, na kati ya kampuni zote alizoziandikia ni moja tu, ya huko Botswana, iliyokubali kumhoji, kwa video, Ijumaa saa tisa alasiri. Akiikosa hiyo, ilikuwa ni kufunga mizigo na kurudi nyumbani kuketi bila kazi.

Sasa, pale ofisini tuna chumba cha mahojiano, chenye mlango mzito na zulia, ambacho nilikipigania mwenyewe mpaka kikatengenezwa. Ningemwandalia chumba hicho, nisingekuwa na la kuwasimulia. Badala yake nilimwambia, "Njoo nyumbani kwangu, mtandao ni mzuri na hakuna kelele," na sababu ya kweli, ambayo sikumwambia, ni kwamba nilitaka kumpikia mtu chakula cha mchana. Nikaomba ruhusa kazini, nikasukuma chapati tangu asubuhi, nikatoa zile sahani ambazo hukaa kabatini zikitazamana na mimi, nikapaka hata rangi ya mdomo.

Nilichosahau ni kwamba sikujua nyumba yangu ilivyo Ijumaa mchana. Mimi hutoka alfajiri na kurudi giza likiingia, na Jumapili huenda ibada ya mjini, ambako unaweza kukalia benchi lilelile miaka mingi bila mtu kukuuliza jina. Lile kanisa la mabati lililoegemea ukuta wa ploti yetu nililiona tu kama ukuta mwingine. Tulikuwa tumemaliza kula, Ornella amefungua tarakilishi mezani na kujifunga kitambaa chake shingoni, mara gitaa la besi likatetemesha vikombe.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Itanyamaza," nikasema, kana kwamba nilikuwa na mamlaka nayo.

Haikunyamaza. Zikafuata ngoma, kisha kinanda, kisha mtu akaanza kujaribu kipaza sauti. Nikateremka mbio nikiwa na sandali za nyumbani, nikazunguka ukuta, nikaingia ndani ya kanisa.

"Samahani, mnaweza kunyamaza kidogo? Kwa saa moja tu."

"Kwani kuna nini, madam?" akauliza yule wa kinanda. "Si tuko na krusedi ya injili Jumapili, na hii wimbo bado haijashika."

Ukweli ungetosha kabisa, jamani. Ningesema kuna msichana anahojiwa kazi, wangezima wenyewe na pengine wangemwombea. Lakini nilijiona nikieleza mambo ya chumba chenye zulia, na kwa nini sikukitumia, mbele ya watu ambao sijawahi kuwasalimu ipasavyo, akiwemo Mama Shiro, kiongozi wa akina mama, anayeuza mboga langoni petu na ambaye sijawahi kumwambia lolote zaidi ya kiasi cha sukuma wiki ninachotaka. Nikashika paji la uso.

"Mimi ni mgonjwa," nikasema. "Niko peke yangu, na mimi ni mgonjwa sana."

(Hilo la kuwa peke yangu sijui lilitoka wapi, maana Ornella alikuwa akinisubiri mezani.)

"Woiye!" akasema Mama Shiro. "Zimeni hiyo kitu! Zimeni!"

Nilirudi juu kama jemadari. Saa tisa ikafika, nyuso tatu zikatokea kwenye kioo cha tarakilishi, na Ornella akaanza vizuri kuliko nilivyotarajia, akieleza mambo ya pampu na visima kwa Kiingereza chake cha taratibu, nami nimeketi pembeni ambako hawanioni, nikitikisa kichwa kila anapomaliza sentensi. Ndipo mlango ukabishwa.

"Hodi, madam! Ni sisi!"

Nilipofungua ili niwaashirie kwa kidole mdomoni wanyamaze, walikuwa wamekwisha kuingia, Mama Shiro mbele na flaski ya uji, wengine wakimfuata na vilemba vyao, mmoja amebeba mkate.

"Usisimame, madam, usisimame! Mgonjwa hawezi kukaa peke yake na sisi tuko hapa. Na huyu ni nani?"

"Huyu... anasoma," nikanong'ona.

"Sawa, asome. Sisi tutaomba."

Wakanishika mikono, wakanikalisha kwenye sofa, ile niliyokuwa nimeipanga asubuhi na matakia yake ionekane vizuri nyuma ya Ornella. Nikawasihi waombe polepole.

"Madam," akasema Mama Shiro, "ugonjwa haukemewi polepole."

Wakaukemea. Waliukemea wote kwa pamoja, kila mmoja na maneno yake, "Toka! Toka kwa hii kichwa!" na juu ya bega la Ornella nilijiona kwenye kioo, kidogo, na rangi yangu ya mdomo, nimefunikwa na viganja, huku wale watatu wa Botswana wakisogelea kamera zao kama watu wanaochungulia dirishani. Ningeweza kusimama wakati huo na kukiri. Lakini Mama Shiro alikuwa ameweka mkono wake usoni mwangu, mkono wenye joto unaonukia dania ya mboga zake, na sikuweza kukumbuka mara ya mwisho mtu kunigusa uso, na kabla sijajizuia nikaanza kulia, kilio cha kwikwi, kisicho na staha yoyote.

"Inatoka!" wakapaza sauti. "Inatoka!"

Nikasikia mwenyekiti wa mahojiano akiuliza kama kila kitu kiko sawa. Ornella akageuka, akanitazama, akawarudia.

"Samahani," akawaambia. "Ni mama yangu. Ni mgonjwa, na majirani wamekuja."

Wakamwambia afunge, amhudumie mama yake, wangemwandikia. Kioo kikazimika.

Wanawake walipoondoka tuliosha vyombo, na Ornella akaniuliza, "Mama, nafasi yangu imekwenda?" Nikampa sahani nyingine aifute. Kisha akauliza, "Na wewe, ulikuwa unalia kweli?" Nikamwambia nilikuwa naigiza.

Jumapili hiyo sikwenda mjini. Nilibaki kitandani nikisikia, kupitia ukuta na spika zao zote, Riruta nzima ikihimizwa kumshukuru Mungu kwa uponyaji wa madam wa nyumba namba nane. (Jina langu hawakulijua. Sikuwahi kuwaambia.)

Jumanne wale watu wa Botswana wakampigia tena, safari hii ofisini, mlango mzito umefungwa, na swali la kwanza lilikuwa, "Mama anaendeleaje?" Ornella akajibu bila kupepesa jicho kwamba mama anaendelea vizuri. Kazi akaipata, akaleta keki, tukapiga picha, akaondoka kabla ya kibali kuisha. Siku nyingine huniandikia ujumbe: "Mama, umepona?" Namjibu kwamba nimepona.

Nimeapa sitamwita tena mwanafunzi kuhojiwa nyumbani kwangu, na sitausingizia ugonjwa tena maishani. Hayo ni rahisi kuyatimiza. Ila flaski ya Mama Shiro bado iko jikoni kwangu, nimeiosha mara nyingi kuliko inavyohitaji. Kuirudisha tupu siwezi, sikulelewa hivyo. Nikiijaza chai itabidi niketi ninywe naye, na nikiketi ataniuliza nilikuwa nikiugua nini, nami sina hakika kwamba nitaweza kumwambia sikuwa nikiugua chochote.