Kozi Niliyoinakili kwa Sekela

Mwanangu, jana uliponiletea ile karatasi ya kozi za chuo ukaniuliza uchague ipi, sikukujibu. Ilinijia siku moja ya ujana wangu, nikaona nikusimulie kwanza.

Nilikuwa kidato cha nne, shule ya bweni ya wasichana, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Mwalimu alitugawia fomu za kuchagua vyuo. Kozi zilikuwa nyingi machoni petu: ualimu, uuguzi, kilimo, mifugo, upimaji wa ardhi, ushirika, hata ukutubi, ambao hakuna aliyejua ni kitu gani. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye kilimo. Baba alikuwa na kahawa kule Isansa, na bwana shamba akipita na mabuti yake ya tope nilimfuata nyuma na maswali mpaka achoke. Lakini wenzangu walicheka. "Usome miaka yote hii halafu urudi kushika jembe?" Basi nikachungulia fomu ya rafiki yangu Sekela. Ameandika uuguzi. Nami nikaandika uuguzi, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Majina yalipotoka, Sekela alipelekwa ualimu. Mimi nikapata uuguzi, peke yangu.

Baba alifurahi mno. Alitangaza kanisani, akanisindikiza hadi kituo cha basi akiwa amevaa koti lake la harusi.

Chuoni nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Vitabu nilivishika. Wodini ndiko nilikoshindwa. Nilikuwa nikiingia pale akili yangu inabaki mlangoni. Asubuhi moja nilipewa sinia la dawa nizigawe. Kwenye kitanda cha dirishani alilala bibi mmoja kutoka Ivuna, mwenye ugonjwa wa moyo. Nikampa kikombe. Alikitazama, akanirudishia.

"Binti, hii si yangu. Yangu ni nyeupe."

Nikasoma lebo. Ilikuwa dawa ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikarudi nyuma, sinia likagonga ukingo wa kitanda. Yule bibi, badala ya kupiga kelele, alinishika kiganja. "Kalie kidogo," akasema. "Halafu ukawaambie wakubwa wako. Usinifiche mimi, wala usijifiche wewe."

Nikaenda kwa matroni, nikasema yote. Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake akauliza, "Uuguzi nani alikuchagulia?"

"Mimi mwenyewe, matroni."

"Mbona sikuamini?"

Nikalia, nikamweleza habari za Sekela na za bwana shamba. Aliniambia, "Mtu akikosea kitanda, tunamfundisha. Wewe hutaki kuwa hapa, na mgonjwa hana namna ya kujilinda na hilo. Rudi nyumbani ukaseme na mzazi wako. Barua ya kukuombea chuo kingine nitaandika."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Nilimkuta baba shambani. Nilipomaliza kusema, alikaa chini kati ya mistari ya kahawa, nami nikasimama nikiangalia kofia yake kwa sababu sikuthubutu kumwangalia usoni. Nikawaza kanisa zima.

Akavunja tawi moja, akanipa. Buni zilikuwa bado mbichi lakini zimeshapata madoa meusi, zinaoza.

"Mwaka wa pili huu zinaharibika," akasema. "Nawauliza watu, kila mmoja ana lake. Nenda kaniulizie huko wanakofundisha."

"Hukasiriki, baba?"

"Nakasirika. Nitakasirika mpaka Jumapili. Njoo tule."

Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikisubiri nafasi, na maneno ya watu niliyasikia. Kisha nikaitwa chuo cha kilimo. Huko nikajifunza kwamba ugonjwa ule unaitwa chulebuni, na namna ya kuuzuia. Nikawa bibi shamba, nikazunguka vijiji vya kwetu, Ruanda na Isansa, na mabuti yangu mwenyewe. Shamba la kwanza nililopulizia dawa lilikuwa la baba. Naye Sekela alifundisha darasa la kwanza hadi kustaafu, na hakuwahi kujua kwamba nilimwibia jibu, mpaka nilipomwambia tukiwa wazee, akacheka hadi akashika ubavu.

Sasa nikujibu. Sikuchagulii kozi, mwanangu. Ziulize zote kwa utulivu: hii kazi yake ni ipi, nitakuwa na nani kutwa nzima, nani ataumia nikiifanya bila moyo? Usiandike kwa kuona haya, wala kwa kumfuata mwenzako, hata umpende vipi. Na ukigundua umekosea, sema mapema. Nyumba hii haitakufungia mlango.

Mungu auongoze mkono wako unapoandika, akupe walimu wenye subira, na kazi utakayoamka kuifanya bila kusukumwa. Nenda na amani, mwanangu.