Bibi harusi aliyeyaovateki matarumbeta

Mjomba alinunua gari la Kiaustralia la silinda nane kwa mhandisi aliyekuwa akirejea kwao, ambako gari la aina hiyo lilitamba kwenye mashindano ya mbio. Siku ya harusi ya dada yangu lilitubeba kutoka Kinondoni kwenda Ubungo, polepole, nyuma ya pikapu ya matarumbeta. Mshale wa joto ukafika kwenye nyekundu.

"Hili limezoea mbio, kutembea haliwezi," mjomba alisema. "Likizima, bibi harusi unamalizia kwa miguu."

"Basi waovateki, mjomba," dada alijibu.

Nilikuwa sijawahi kuona bibi harusi akiyatangulia matarumbeta. Mjomba akakanyaga mafuta, upepo ukaingia kwenye rejeta, mshale ukashuka. Dada akavua viatu, akashusha pumzi. Nyuma, wapigaji walitufukuza huku wakipuliza.