Alama Nyekundu kwenye Plagi

Amplifaya mbaya kuliko zote nilizopata kuziona Unguja niliifunga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, kwenye kibanda changu cha redio nyuma ya soko la Darajani. Na nzuri iliyonipa jina nayo niliifunga mimi, mwezi huohuo. Watu wakinisifu kwa ile nzuri huwa natazama chini, kwa sababu naikumbuka ile mbaya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, redio ndiyo kwanza zinaingia majumbani, na fundi redio alikuwa mtu. Ukipita barazani unaitwa, "Fundi, njoo unywe kahawa," na wewe unakwenda huku unajifanya una haraka. Nilikuwa kijana, kichwa kimenivimba, siambiliki.

Rafiki yangu alikuwa mtu wa Mkokotoni, karani katika ghala la karafuu. Tulipanga chumba kimoja Malindi. Alikuwa na gitaa ambalo mjini hapakuwa na la pili yake. Si lile la kukumbatia. Hili hulazwa mapajani kama mtoto anayeogeshwa, mkono wa kulia unadonoa nyuzi, na wa kushoto unateleza juu ya nyuzi hizo na kipande cha chuma kizito, kinene kama kidole. Alilipata kwa baharia mmoja, akampa birika la shaba la mama yake. Bi mkubwa alipojua, alinuna mfungo mzima.

Gitaa lenyewe lilikuwa la umeme. Ubao mtupu, halina tumbo. Ukilipiga bila ya amplifaya unasikia kama mtu anakuna sahani kwa uma. Kwa hivyo sauti yote ya rafiki yangu ilikuwa inanisubiri mimi.

Niseme jambo hapa, maana watu wengi wanadhani amplifaya ni kelele tu, na mimi hasira zinanipanda nikiwasikia. Gitaa la kawaida likipigwa, sauti inatoka na kufa, inafuata nyingine. Amplifaya ikikoroma nani atajua? La kulaza mapajani sauti moja huvutwa, ikavutwa, mpaka msikilizaji anasahau kupumua, na uchafu wowote wa spika unaonekana kama doa kwenye kanzu. Linataka amplifaya yenye nguvu kuliko inayohitajiwa, valvu nono, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, na spika pana. Na juu ya yote linataka transfoma, lile donge la chuma lililozungushiwa waya, ambalo ndilo linalomtenga mpigaji na umeme wa ukutani.

Redio za bei nafuu hazikuwa na transfoma. Zilikuwa zinaunywa umeme wa ukutani mbichi. Ukiichomeka plagi upande mmoja, salama. Ukiigeuza, chuma chote cha ndani ya redio kinakuwa kimeshika umeme. Kwa msikilizaji wa redio haidhuru, chuma kimefichwa ndani ya boksi la mbao. Lakini redio hiyo ukiigeuza amplifaya ukaiunga na gitaa, nyuzi zinaungana na chuma kile, na nyuzi mtu anazishika kwa mikono yake. Haya yote nilikuwa nayajua. Sisemi sikujua.

Transfoma nzuri nilikuwa nayo moja, nimeitoa kwenye mashine kuukuu ya sinema iliyotupwa. Nilimwahidi rafiki yangu. Kila akitoka ghalani anapita kibandani, kanzu inanukia karafuu, "Vipi bwana, ishakuwa?" nami namwambia, "Bado kidogo." Mara wakaja viongozi wa klabu moja ya taarabu, watu watatu, kofia za viua zimekaa sawasawa. Wanataka amplifaya ya maikrofoni ya mwimbaji wao. Wakaniita "fundi wetu". Wakaniambia kiti changu kitakuwa mbele, pamoja nao. Basi, nikayeyuka. Transfoma ikaenda klabuni, na rafiki yangu nikamwambia imeungua.

"Lo! Pole sana," akaniambia. Ananipa pole mimi.

Yake nikamfungia kwa redio isiyo na transfoma. Plagi ilikuwa ya miguu miwili, inaingia vyovyote utakavyo. Upande wa salama nikautia tone la rangi nyekundu. Siku ya kumkabidhi akaigeuzageuza mkononi.

"Hii alama ya nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikimwambia ni ya nini, atauliza kwa nini, na nikijibu kwa nini uongo wangu wote unatoka nje.

"Alama ya fundi tu," nikasema. "Wewe ukichomeka, iwe juu."

"Iwe juu kwa nini?"

"Ala! Na wewe maswali mengi! Iwe juu ipendeze."

Akacheka, akaondoka na amplifaya yake begani.

Ilikuwa inakoroma amplifaya ile. Akivuta sauti ndefu, katikati inaingia mkwaruzo. Kila ikikwaruza alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto. "Mkono wangu mzito," ananiambia tukiwa chumbani. "Sijui nina kosa gani." Na mimi nalala ubavu, namwambia afanye mazoezi. Wallahi ndivyo nilivyomwambia. Akafanya mazoezi mpaka ncha za vidole zikaota sugu.

Siku yenyewe ilikuwa ya harusi, nyumba moja ya jamaa zangu Mkunazini, mchana baada ya chakula. Wageni wamekaa uani, rafiki yangu amekaa kwenye kiti cha chini, miguu mitupu juu ya mkeka, gitaa mapajani. Viongozi wa klabu walikuwapo, nami nimekaa nao. Alipiga, akapumzika, akanywa sharubati. Alipokuwa anapumzika, msichana mmoja wa nyumbani akaichomoa plagi, akachomeka pasi, akanyoosha nguo ya biharusi, akairudisha plagi mahali pake. Rafiki yangu akaanza tena.

Nikaangalia ukutani. Alama nyekundu iko chini.

Niliiona. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka ukutani. Lakini nikiinuka kuigeuza, viongozi watauliza, na yeye atauliza, na nitawajibu nini mbele ya watu wote wale? Halafu alikuwa anapiga vizuri siku ile, vizuri kuliko siku zote, hata mkwaruzo ulikuwa umepungua. Nikajiambia, akimaliza kipande hiki. Mkeka mkavu, nikajiambia, na mkeka ukiwa mkavu umeme hauna pa kupita. Nikanywa sharubati yangu.

Ikalia adhana ya alasiri. Kwetu adhana ikilia, ngoma na ala zote hunyamaza; hata mtu anayepiga mluzi hufunga mdomo. Uani pakawa kimya. Shangazi wa biharusi akasema, "We baba, adhana hiyo." Rafiki yangu akaitika kwa kichwa, lakini mkono ulikuwa katikati ya sauti, na sauti kama ile haikatwi kama uzi. Akasema taratibu, "Namaliza hapa tu, shangazi."

Wanaume walikwishainuka kwenda kutawadha kwenye pipa lililokuwa pembeni. Sakafu ya ua ule ilikuwa na mteremko. Maji ya udhu yakaja yakitambaa, yakafika kwenye mkeka, mkeka ukayanywa. Mimi nayaona. Nikainuka, nimechelewa.

Hakupiga kelele. Sauti ya gitaa ilikwama pale pale, meno yake yamekazana, mikono imegandana na nyuzi haimwachii. Niliruka nikaichomoa plagi, naye akaanguka pamoja na kiti.

"Subhanallah!" shangazi alilia. "Ndani ya adhana! Si nimemwambia? Si nimemwambia mimi?"

Watu wote wakawa wanasema lahaula. Rafiki yangu akafumbua macho, kiganja cha kushoto kimeungua mstari mzima palipokuwa na chuma. Neno la kwanza alilolisema lilikuwa, "Nimeitwa." Akaanza kulia mbele za watu. "Naitwa, nami nimekaa nachezea nyuzi. Mungu ameniita kwa mkono wake."

Mimi nimesimama na plagi mkononi, alama nyekundu iko ndani ya ngumi yangu. Nikajitia hamnazo. Nikasema "pole" kama walivyosema wengine.

Kiganja kilipona, lakini kidole cha mwisho kilibaki kimejikunja. Gitaa aliniletea kibandani. "Liweke wewe, mimi sitaki kuliona," akasema. "Wala usijilaumu, amplifaya yako haina kosa." Nilitaka ardhi ipasuke.

Akahama chumbani kwetu, akawa mwadhini wa msikiti mdogo wa mtaani. Sauti anayo, si haba. Watu walikuwa wanapita njia ya mbali makusudi wamsikie, na kisa chake kikawa kinasimuliwa mabarazani: huyu aliitwa na Mwenyezi Mungu mchana kweupe. Kina mama wanawaambia watoto wao, mnamwona yule? Mimi nipo na kikombe changu cha kahawa, nasikiliza na kutikisa kichwa pamoja nao. Na adhana ni mara tano kwa siku. Roho ikawa inanisuta mara tano kwa siku.

Yakapita kama miaka mitatu. Wazee wa msikiti wakanijia, wanataka kipaza sauti. Klabu ya taarabu ilikuwa imeshanunua mashine mpya kutoka ng'ambo, nikaichukua tena transfoma ile. Nikafunga amplifaya kwa uangalifu ambao sijapata kuutia kwenye kazi yoyote. Baada ya sala ya adhuhuri nikaipeleka msikitini, tukabaki mimi na yeye tu. Akaishika plagi, akaitazama huku na huku.

"Hii haina alama?" akaniuliza, anacheka. "Fundi umeacha madoido?"

Sikuweza tena. Nikamwambia. Transfoma, klabu, uongo, alama, pasi, maji ya udhu. Nikamwambia na kwamba alama niliiona iko chini. Alisikiliza mpaka mwisho, plagi bado iko mkononi mwake.

"Kwa hivyo sikuitwa," akasema.

"Mungu humwita mtu kwa njia yoyote—"

"Nyamaza. Wewe usiniambie mambo ya Mungu."

Akaiweka plagi chini polepole, akatafuta makubazi yake mlangoni, akaondoka. Alasiri ile aliadhini mzee mmoja mwenye kikohozi. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Barazani watu wanaulizana, mwadhini wetu anaumwa? Mimi sikuwa na uso wa kuendelea na kazi, nikairudisha amplifaya kibandani. Nilikuwa nimemwondolea gitaa kwa kunyamaza, na sasa nimemwondolea na adhana kwa kusema. Sikujua lipi nililifanya kwa ajili yake na lipi kwa ajili ya kujitua mzigo.

Siku ya nne akaja kibandani mchana. Hakunisalimu.

"Gitaa langu lipo?"

Lilikuwa chini ya meza, nimelifunga kwenye shuka. Nyuzi zilikuwa zimeingia kutu kidogo. Akakaa, akalilaza mapajani.

"Amplifaya ile ya msikitini ndiyo hii? Iunge."

Nikaiunga. Akanyoosha mkono akachukua birika langu la maji, akayamwaga yote sakafuni, mbele ya miguu yangu.

"Vua viatu."

Nikavua.

"Shika wewe kwanza. Mikono miwili."

Nilikuwa naijua amplifaya ile ndani nje. Hapana hatari hata chembe, ningemlaza mwanangu juu yake. Na bado mikono niliirudisha nyuma mara mbili, mpaka nikaona haya. Nikainama, nikazishika nyuzi, miguu yangu imo majini. Hapakuwa na kitu, ila mngurumo mdogo wa spika. Yeye alikuwa hazitazami nyuzi, ananitazama mimi usoni.

"Unaogopa," akasema. "Na wewe unajua kilichomo. Mimi nilishika kwa sababu uliniambia ile alama ni ya kupendeza tu."

Nikaziachia nyuzi.

Akatoa kile kipande cha chuma mfukoni. Kumbe miaka yote alikuwa anatembea nacho. Akakiweka kwenye kiganja chenye kovu, kidole cha mwisho kimejikunja pembeni, hakifuati wenzake. Akadonoa uzi mmoja, akauvuta. Sauti ikapanda, ikakaa, ikaendelea kukaa, safi, haina mkwaruzo wowote, mpaka muuza mkate wa mlango wa pili akatoa kichwa kutazama. Akaisubiri ikaisha yenyewe.

"Kumbe mkono wangu haukuwa na kosa," akasema.

Aliliweka gitaa juu ya meza yangu, na kile kipande cha chuma juu yake, akatoka. Haukupita muda nikasikia adhana ya alasiri, sauti yake mwenyewe, bila ya kipaza sauti changu. Nilisimama pale pale na miguu mitupu ndani ya maji mpaka ilipokwisha.