Mbao za Tomezo

Siku hizi kijiji chetu huamka kimya. Zamani, kabla jua halijavuka mlima, ulisikia mbao zikiyapiga maji, pwa, pwa, polepole, kama mtu anayetwanga kitu asichotaka kukivunja. Wanawake walizisikia ndipo wakaanza kuosha mchele. Sasa kuna bomba, na bomba haliamshi mtu.

Aliyezipiga ni Tomezo, mlinzi wa maji wa bafu la kijiji, bwawa la kuoga pamoja, kwa miaka arobaini na mmoja. Maji yetu hutoka chini ya mwamba yakiwa na moto wa kunyonyolea kuku. Ama uyaongezee maji baridi, ama uyakoroge kwa mbao ndefu mpaka hasira yake iishe. Tomezo hakuitambua ile njia ya kwanza. Maji yaliyochanganywa, alisema, ni kama uji wa mgonjwa: yanapita tu, hayamfikii mtu. Alitumbukiza kiwiko, akatulia kama anayenong'onezwa siri, kisha akafungua mlango.

Tulikuwa na mwiko mmoja, wake na wa kijiji kizima: mlinzi hamfundishi mgeni kuoga. Kumwambia mtu mzima aliye uchi afanye hivi, asifanye vile, ni kumvua nguo mara ya pili. Kazi hiyo ni ya walio majini. Msafiri akiingia, mzee yeyote aliyekaa mle humwambia, kwa sauti ya kuzungumzia hali ya hewa, ajimwagie kata kumi za maji yale yale ya moto, aanzie miguuni, amalizie kisogoni, ndipo ashuke, asije akashikwa na kizunguzungu. Wageni wa miaka yote walijifunza hivyo, wakaondoka wakidhani wamejua wenyewe.

Lakini wazee walipungua. Wengine walikufa, wengine walijengewa mabafu nyumbani na watoto wao. Waliobaki kuja ni wasafiri, nao walilalamika. Iwao, mwenyekiti wa kamati ya bafu, ambaye pia ana nyumba ya wageni, akataka bomba la maji baridi. Alikuwa amesoma darasa moja na Tomezo, kwa hiyo alianza kwa utani.

"Kaka Tome, haya maji unaogeshea watu au unachemshia mayai?"

"Mayai hayalalamiki," Tomezo akamjibu.

Mwaka ule kamati ilimwachia maji yake, kwa sharti moja, asiumie mtu. Akiumia hata mmoja, bomba litawekwa. Tomezo akainama, akakubali, akarudi kwenye mbao zake.

Asubuhi moja ya Novemba akaja mwalimu mstaafu kutoka Osaka, mwembamba, mwenye adabu. Alivua nguo, akazikunja vizuri, akasalimu. Majini alikuwamo mtu mmoja tu, Iwao. Tomezo, akiwa mlangoni nyuma ya pazia, alimsikia mgeni akijisugua, akijisuuza. Akangoja kuisikia sauti ya Iwao. Hakuisikia. Alisikia mtu akishuka majini, kimya kidogo, mtu akiinuka ghafla, kisha kishindo.

Mwalimu hakufa. Alipasuka kipaji cha uso, akashonwa nyuzi sita, na baada ya wiki akatuma barua ya kuomba radhi kwa usumbufu, pamoja na boksi la keki za maharage. Barua ile ilimuumiza Tomezo kuliko damu aliyoiosha sakafuni.

Kamati haikuingoja barua, ilikaa siku ya tatu. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu. Watu waliuliza mlango ulifunguliwa saa ngapi, kipimajoto kilisoma ngapi, sakafu ilikuwa na utelezi au haikuwa nao. Swali lenyewe hakuna aliyeliuliza. Mwishowe Tomezo akasema, macho yakiwa kwenye kikombe chake cha chai:

"Iwao, wewe ulikuwa majini."

"Nilikuwa naoga tu, kaka Tome. Kwani mlinzi ni mimi?"

 Mwiko sote tuliujua. Na sote, kila mmoja aliyekaa kwenye mkeka ule, tulikuwa na bafu nyumbani, na miaka ilikuwa imepita tangu tumwambie mgeni yeyote neno. Tomezo hakuwa na kura, alikuwa mwajiriwa. Mikono ya kulikubali bomba ikainuliwa, wangu ukiwamo, kisha nikaandika kwamba hakuna aliyepinga.

Siku bomba lilipofunguliwa, Iwao alimkaribisha Tomezo awe wa kwanza kuingia, yeye ambaye miaka yote alioga wa mwisho, watu wote wakiisha kwenda. Ilikusudiwa iwe heshima. Tomezo akapiga goti, akatumbukiza kiwiko, akakitoa, akakikausha kwa taulo bila haraka.

"Oga wewe," akamwambia. "Hayatakuchoma."

Akatoka, na hakuingia tena.

Wasafiri wameongezeka. Wanasema maji yetu ni laini.

Tomezo ana miaka themanini na saba. Yuko makao ya wazee karibu na stesheni ya treni, ghorofa ya pili. Huogeshwa Jumanne na Ijumaa, akiwa amefungwa mkanda kwenye kiti kinachoshushwa majini kwa mashine.