Bega la Kushoto la Loice

Loice alikuwa na bega bovu, na katika Doha nzima ni mtu mmoja tu aliyejua. Mtu huyo ni Velma, aliyelala kitanda cha pili katika chumba chao mtaani Fereej Bin Mahmoud. Angekosaje kujua? Ndiye aliyemsuka, kwa sababu mkono wa kushoto wa Loice ulikuwa haufiki kisogoni. Ndiye aliyemvalisha jezi kila Ijumaa ya mechi huku akimcheka, "Wewe nawe, si ukue!"

Bega liliharibika Septemba, hospitalini alikokuwa akifanya mafunzo ya uuguzi. Alimgeuza mgonjwa mzito peke yake badala ya kumwita mwenzake, kitu kikaalika ndani kama kuni kavu, naye akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu ligi ya wasichana wa vyuo ilikuwa karibu kuanza, na yeye ndiye kipa wa chuo. Usimcheke. Wodini alikuwa "sista" kama masista wengine wote, na barabarani alikuwa mgeni mmoja katika bahari ya wageni. Golini tu ndiko watu walikoliita jina lake kwa sauti. Na kwenye benchi alikaa Chelsea, kipa wa akiba, msichana mrefu mwenye glavu tayari mkononi, akingoja Loice apige chafya tu.

Basi akaucheza msimu mzima kwa ujanja. Alisimama kushoto kidogo golini, akiwaachia washambuliaji upande wa kulia wauone mpana, nao wakauingia mtego huo Ijumaa baada ya Ijumaa. Wenzake walidhani ni mtindo wake. Chuo ambacho hakikuwahi hata kunusa nusu fainali kikafika fainali, na huko kikakutana na wasichana wa Al Wakrah, chuo alichosomea Velma kompyuta. Velma mwenyewe ndiye aliyekuwa mshambuliaji wao.

Walipopata habari hizo walicheka hadi jirani akagonga ukuta.

"Ya uwanja ni ya uwanja," Velma akasema. "Ya hapa room yanabaki hapa."

Loice akalala usingizi mzuri.

Fainali ilichezwa uwanja wa Abu Hamour, jua likishapoa. Hakuna aliyefunga, wakaingia penalti. Mpigaji wa kwanza wa Al Wakrah aliupeleka mpira kushoto kwa Loice, ukaingia. Bahati mbaya, akajisemea. Wa pili, kushoto. Wa tatu hakujisumbua hata kupiga kwa nguvu. Aliusukuma chinichini, kushoto, mahali ambapo mtu mwenye bega zima angeudaka huku akipiga miayo. Ukaingia nao. Wa nne alitafuta kushoto kupita kiasi, mpira ukagonga mlingoti ukatoka nje. Wasichana wanne na upande mmoja! Hiyo si bahati, jamani. Hayo ni maelekezo.

Timu ya Loice ilikuwa imemaliza kupiga, na mabao yalikuwa sawa. Ulibaki mkwaju mmoja, wa Velma. Loice akiudaka, wanaendelea. Ukiingia, msimu umekwisha.

Velma akauweka mpira, akarudi nyuma bila kuinua macho.

Hapo ndipo moyo ulipomponza. Kichwa kilimwambia aende kushoto, bega ling'oke likitaka. Moyo ukabisha: labda mtu alimwona akivua jezi, labda kocha wao ana macho makali. Velma, aliyemsuka jana? Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini nani hupenda kukagua nguo zake? Na hata kama ni Velma aliyesema, mkwaju wake mwenyewe hawezi kuupeleka huko. Hawezi. Loice akaruka kulia kwa nguvu zake zote, na mpira ukaenda kushoto.

Kocha wake, Kawira, ambaye siku za kazi ni muuguzi, alimfuata Loice pale alipokaa nyasini, akambonyeza bega. Loice akapiga ukelele.

"Tangu lini?"

"Septemba, Kocha."

Kawira hakumfokea. Afadhali angemfokea. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Wewe umetuumbua sote. Chelsea alikuwa pale, Loice. Mzima kabisa."

Chelsea alikuwa kando yao, analia, na glavu zake hazikuwa na doa. Hakuna aliyemngojea Loice wakati wa kuondoka.

Alimkuta Velma chumbani, ameketi kitandani na viatu bado miguuni.

"Uliwaambia," Loice akasema.

"Kocha aliuliza nani anajua kipa wao. Team yote ikaniangalia mimi. Ningesema aje?"

"Ungesema hunijui."

"Wasee wa team wametoka jasho tangu Oktoba, niwakalie na kitu kama hiyo? Wewe wako uliwaficha. Mimi wangu nilishindwa."

Neno hilo lilimchoma Loice kwa sababu lilikuwa kweli, naye alimchukia Velma maradufu kwa kuwa na haki ya kulisema. Lakini hilo silo alilolibeba tangu Abu Hamour.

"Sawa," akasema. "Uliwaambia. Hao wengine, sawa. Lakini yako wewe, Velma. Si ungepiga tu kulia? Hata ungefunga, ningekusamehe."

"Kulia ungedaka."

"Ungejuaje naenda kulia?"

Velma akaanza kufungua kamba za viatu. Alifungua kimoja, akakivua, akakiweka chini.

"Nilijua hutaamini ni mimi," akasema.