Msumari Kwenye Mpapai

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijawahi kukusimulia. Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi Noonkopir, pale Kitengela, mimi na mama yako. Nilikuwa karani wa kiwanda kule Athi River, kijana wa tai na mdomo mwingi, na hakuna aliyeweza kuniambia kitu.

Nilikuwa nimepanda mipapai minne kutoka kwa mbegu za papai moja. Udongo mweusi wa Kitengela hushika maji hadi mizizi ya mpapai ikaoza, kwa hiyo niliinua matuta na kuyajaza samadi niliyoomba kwa jirani Mmaasai. Kabla mwaka haujaisha mitatu ilikuwa imebeba, matunda yamebanana kwenye shina. Wa nne ulikuwa na maua mengi madogo yaliyoning'inia kwenye vijiti virefu, lakini tunda hata moja hakuna.

Katika ukoo wetu, huko magharibi, mti usiozaa hutishwa. Hupigiliwa msumari, ukatamkiwa maneno makali ili uogope. Na wakati huo mama yangu alikuwa ameandika barua kwamba atakuja Disemba tuzungumze. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza tutazungumza nini. Alitaka mke wangu arudishwe kwao.

Sasa nikwambie nilichokuwa nimemficha mama yako. Nikiwa na miaka kumi na saba niliugua matubwitubwi, uvimbe wa mashavu ukashuka hadi sehemu za siri, nikavimba vibaya. Daktari alimvuta baba pembeni wakanong'ona. Tangu siku hiyo niliishi na hofu kwamba sitazaa, na badala ya kwenda kupimwa nilimwacha mama yako azunguke hospitali peke yake.

Basi Jumamosi moja nikachukua nyundo, msumari wa inchi sita na panga. Nilipigilia ule mti, nikainua panga, nikasema kwa sauti, 'Nakulisha, nakunywesha, na huzai. Disemba ikifika kama huna kitu, utatoka kwangu.' Mama yako alikuwa jikoni na dirisha lilikuwa wazi. Sikulifikiria hilo hata kidogo.

Wiki ile chakula kiliiva kwa wakati, mashati yakapigwa pasi, na mimi mjinga nikaona nyumba imetulia.

Jumamosi iliyofuata alikuja Mama Mutisya, jirani yetu, mwanamke mzee wa Ukambani. Akasimama mbele ya ule mpapai.

'Kijana, hii msumari ni ya nini?'

'Mti umekataa kuzaa, Mama.'

'Hii ni dume. Angalia maua yake, iko na vijiti virefu inaning'inia. Ile ya kuzaa, maua imekaa hapa kwa shina. Hata uitishe namna gani, dume haiwezi kukupa papai. Lakini bila hii, hizo zingine maua ingeanguka tu.' Kisha akashusha sauti. 'Sanduku ya bibi yako iko kwangu tangu Jumapili. Alisikia vile ulisema. Ananiuliza gari ya kwenda kwao inatoka saa ngapi. Na wewe, umewahi pimwa?'

Nilikaa kwenye tuta, nikamwomba amzuie asiondoke hadi nipimwe.

Jumatatu nilikwenda hospitali Nairobi. Siku ya majibu nilikaa kwenye benchi nikitamani jina langu lisiitwe. Likaitwa. Shida ilikuwa kwangu.

Nilirudi nikamweleza mama yako yote, na matubwitubwi pia.

'Sikujua unaongea na mti,' akasema. 'Siku hizi zote nalala nikisikiliza kama umeamka. Panga unaiweka chini ya kitanda, upande wako.'

Sijawahi kusikia neno lililonitia hofu kuliko hilo. Nilikuwa nimemwogopa mama yangu, nikamwogopa daktari, na kumbe aliyekuwa wa kutisha katika nyumba ile ni mimi.

Disemba nilimwambia mama yangu ukweli mwenyewe, mbele ya mke wangu. Miaka miwili baadaye tukaenda makao ya kulelea watoto huko Kajiado, na mama yako akatoka amekubeba wewe. Hilo umelijua tangu utoto. Haya mengine nimekuficha kwa sababu ya aibu.

Sasa unaoa mwezi ujao. Jambo likikwama nyumbani mwako, anza kujichunguza wewe, hata kama unatetemeka. Hofu yako itaje kwa mkeo ingali ndogo, maana ukiificha utamtwisha yeye. Na usimtishe mtu anayekula nawe meza moja, hata kwa mzaha, hata ukidhani hakusikii.

Mungu akupe moyo wa kuuliza maswali unayoyaogopa. Akujalie watoto, wa tumbo au wa kupewa. Na mkeo alale usingizi mzito kando yako, maisha yake yote.