Kikombe Alichokishika Mzee Furaha

Nakumbuka Jumamosi moja kule Beltsville, mwanangu, nikiwa bado kijana, kazi yangu kuandaa vyuma kabla havijapakwa dhahabu kwa umeme. Usinicheke. Mikono hii ilisifiwa karakana nzima!

Kesho yake kanisa letu la Springfield lilikuwa linafunguliwa. Kikombe cha meza ya Bwana kilikuwa cha stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kile kile cha tangu tukisali kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba ya watu. Mzee wa kanisa, Mzee Furaha, Mkongo wa Uvira, hakutaka kingine. Kipakwe dhahabu tu, akasema. Bosi akaniruhusu nikifanye mwenyewe.

Sasa stenlesi ina ujeuri. Ina ngozi nyembamba usiyoiona, na juu yake dhahabu haishiki. Unaisugua kwa sabuni ya moto, unaichovya kwenye asidi itoe ile ngozi, unaisuuza, kisha mbio kwenye dawa ya nikeli, madini yanayotangulia dhahabu, ingali na maji. Ukizubaa, ngozi inarudi. Nikeli ikishika, dhahabu nayo inashika.

Ndiyo kwanza nimesuuza, Mzee Furaha huyo, kaja kukifuata, amekinyakua akidhani kimekwisha! "Eh, mama, merci! Kimekuwa kizuri!" Na mikono ametoka kuipaka losheni, si unajua baridi ya huku ughaibuni.

Mzee yule hakuna aliyethubutu kumkosoa. Lakini nikinyamaza, dhahabu itabanduka mbele ya waumini.

"Samahani Mzee, itabidi nianze upya."

"Kwani mikono yangu ni michafu?"

"Ni safi, Mzee. Ina mafuta tu."

Nikakimwagia maji. Kwingine yalitanda vizuri. Pale alipokuwa ameshika yakajikusanya matone matone. Akatazama weee, kisha akaenda kukaa kusubiri. Nikarudia tangu sabuni. Kilipotoka kinang'aa, nilimkabidhi kichwa juu.

Jumapili, alipokiinua mbele ya kanisa, alikuwa amekishika kwa leso nyeupe. Akanitafuta kwa macho, mimi, mpaka akaniona. Nilijivuna, sikufichi.

Sasa wewe, mwanangu, kesho unaanza uuguzi huko Columbia. Ukimwona mkubwa wako amekosea, usimeze maneno. Mwambie kwa adabu, mwonyeshe, halafu urudie kazi hata kama watu wanasubiri. Mungu akupe ulimi wa adabu usio na woga, na popote utakapoingia, mikono yako isifiwe kama ilivyosifiwa ya mama yako.